Kiti Changu Kilichohamia Milola

Niliwahi kuandika kwamba timu fulani imekufa, na timu yenyewe ilikuwa hai, inacheka, inakula mihogo, tena dakika ileile ninayoandika ilikuwa mazoezini. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Shule yangu iliishia kidato cha nne, lakini mwandiko ulifaulu kuliko mimi. Nikapiga na mstari chini: "Timu imekufa. Kocha hayupo." Kisha nikapanda bodaboda nikarudi Lindi kula pweza.

Nawaeleza ninyi vijana mnaoanza sasa kazi ya kuwalea makocha wa vijijini, ili mkikosea mkosee kwa namna mpya, ya kwenu. Hii ya kwangu imeshatumika.

Kazi yangu ilikuwa kwenye mradi mdogo wa michezo, ambao siku hizi umeshafungwa. Sikuwa kocha. Watu wengi hawakuelewa mimi ni nani hasa. Mke wangu akiulizwa alikuwa anajibu, "Anakwenda kuwaangalia watu wanaowaangalia watoto wanaocheza." Na ndiyo kazi yenyewe, hakukosea. Kila kijiji kilikuwa na mtu aliyejitolea kufundisha watoto mpira wa miguu au mpira wa pete: mkulima, fundi cherehani, ustadhi wa madrasa, katekista. Mimi nilitakiwa kuwatembelea kila mwezi, niwaone wakifundisha, niwashike mkono palipo pagumu, na mwaka ukifika niwapeleke mafunzoni wapate cheti.

Neno zito hapo ni kutembelea. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo waliozaliwa na miguu ya safari. Mimi nilizaliwa na makalio ya kiti.

Na kiti nilikuwa nacho. Kiti cha uvivu cha mninga, turubai la kijani, alinichongea fundi mmoja wa Mtama aliyejua mgongo wangu kama daktari. Kilikaa barazani kwangu, Lindi, mahali ambapo upepo wa ghuba unakukuta bila wewe kuufuata. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mama Tatu, alikuwa akipita na ndoo yake ya maji asubuhi na kuuliza, "Baba Shani, leo umekikalia au kimekukalia?" Huyo mama mdomo wake hauna breki. Mkumbukeni.

Sasa siku yenyewe ya kosa. Shule zilikuwa zimefungwa, mpunga bondeni umeanza kuwa wa manjano. Nilifika Milola saa tisa alasiri kumwona Bi Zuhura, kocha wa mpira wa pete, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkulima wa mpunga na korosho. Uwanja mtupu. Nguzo moja ya goli imeinama, na kwenye pete yake mtu ameanika kanga. Wiki mbili kabla ya hapo nilipita na nikaukuta mtupu vilevile. Pembeni palikuwa na mama anaanika makopa ya muhogo juu ya jamvi.

"Watoto wa mpira wako wapi, mama?"

"Wako bondeni, na Zuhura wao. Si mbali, baba. Ukishuka pale kwenye mikorosho unanyoosha tu."

Mimi ni mtu wa huku, "si mbali" ya kwetu naifahamu. Ni mwendo wa saa nzima, na mwisho wake kuna mtu mwingine anayekwambia si mbali. Nikalitazama jua. Nikavitazama viatu vyangu, ambavyo mke wangu alikuwa amevipiga dawa. Nikakumbuka kwamba asubuhi aliniambia leo kuna pweza wa nazi. Nikatoa kalamu.

Kabla sijaendelea niwaambie kuhusu Mwalimu Benedikti, maana mtafikiri sikufundishwa. Nilifundishwa sana. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu kutoka vilima vya Kilwa, Mkatoliki wa kufunga kwaresima mpaka anabaki mifupa, na ndiye aliyenionyesha kazi nilipoanza. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Akajibu, "Marahaba. Kaa chini, ufunge mdomo, utazame." Nikadhani ni ukali wa uzee. Kumbe lilikuwa somo zima, na mengine yote aliyonifundisha baadaye yalikuwa ni kulirudia hilo.

Sikulishika haraka. Mwezi wa tatu tu kazini nilikwenda Mtama kumwona kocha mmoja, fundi cherehani, akiwafundisha watoto kupiga mpira kwa ndani ya mguu. Alikuwa anakosea. Damu ikanichemka, nikaingia uwanjani, nikamnyang'anya filimbi, nikawaonyesha mwenyewe. Watoto wakapiga makofi. Nikarudi nyumbani nimejaa kama puto. Mwezi uliofuata yule fundi akaniambia, taratibu, akiwa anatia uzi kwenye sindano: "Bwana mkubwa, tangu siku ile nikiwaambia kitu wananiuliza, 'Na yule wa Lindi anasemaje?'"

Nilipomsimulia Mwalimu Benedikti, alinitazama kama mtu aliyeona nzi kwenye uji. "Umemvua mwenzako nguo mbele ya watoto wake, halafu unasubiri akushukuru?"

Tangu siku hiyo filimbi ya kocha sikuigusa tena. Jambo nikiliona, nalihifadhi mpaka tunatembea naye kurudi kijijini, mimi na yeye, watoto wametangulia. Na hapo namuuliza kwanza: "Wewe umeyaonaje ya leo?" Kisha nanyamaza. Kunyamaza huko ni kugumu, kijana wangu. Hesabu mpaka kumi moyoni, polepole. Mara nyingi ukifika saba kocha mwenyewe anataja lile kosa ulilotaka kumwambia, na wewe umebakiza kazi ya kutikisa kichwa. Mshahara wa kutikisa kichwa, wapi tena utaupata?

Basi turudi kwenye maiti yangu. Nilifunga ripoti, nikaipeleka ofisini, nikasahau. Wiki ya tatu yake niko barazani, Ijumaa, nimeshaswali, nimeshakula, miguu iko juu ya kigoda. Nikasikia hodi. Bi Zuhura huyo, na buibui lake lina vumbi la safari.

"Shikamoo."

"Marahaba, karibu, karibu. Habari za Milola?"

"Milola salama. Mimi nimekuja tangani."

Nikashtuka, nikashusha miguu. "Tangani? Kafa nani?"

"Timu yangu. Nasikia imekufa, na sisi wafiwa hatujapewa habari. Nikasema nije Lindi nimuulize aliyeizika, kaburi liko wapi tukasome dua."

Nyuma ya ukuta nilisikia ndoo ya Mama Tatu ikitua chini. Alikuwa ameacha kupita.

Inabidi mjue kwamba Zuhura ni Mmwera na mimi ni Mmatumbi, na kwetu hao ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukuchamba mbele ya mkeo, na wewe unacheka. Kwa hiyo nilianza kucheka. Lakini nikaona macho yake hayapo kwenye utani. Akakaa kwenye mkeka, akakataa chai, akanieleza.

Kwa sababu ya mstari wangu, jina lake lilikuwa limekatwa kwenye orodha ya mafunzo. Barua ya ofisi ilifika kijijini ikasomwa mkutanoni: Milola haina kocha wa mpira wa pete. Mwenyekiti wa kijiji akasema basi, asiye na cheti hawezi kupewa watoto wa watu, na yuko kijana amerudi kutoka Dar es Salaam, Hamisi, ana cheti cha ukocha, apewe timu na uwanja. Mwezi ukiisha, anakabidhiwa.

"Wale watoto nimeanza nao wakiwa wanaukimbia mpira kama nyoka," Zuhura alisema. "Wengine mama zao walikuwa hawataki kabisa. Nimekwenda nyumba kwa nyumba, nimepika nao, nimelima nao, ndio wakaniachia mabinti zao. Wakipewa mtu mwingine, hawatatoka tena. Na mimi nitakuwa nani pale? Yule aliyefiwa na timu?"

Nikafungua mdomo niseme pole. Akauzuia kwa kiganja.

"Sikuja kuombwa radhi, mtani. Kesho njoo uone maiti inavyokimbia."

Akanyanyuka. Mlangoni akageuka, akakitazama kiti changu, juu mpaka chini, kama mtu anayempima ng'ombe. Akaondoka.

Kesho yake nilishuka bondeni. Ulikuwa mwendo wa saa nzima, kama nilivyojua. Na kilichokuwako bondeni ni hiki.

Mpunga ukianza kukomaa, ndege wanashuka kwa mamia, na familia isiyokuwa na mtu wa kuamia itavuna makapi. Watoto ndio wanaoamia. Wanakaa shambani tangu alfajiri mpaka jua linazama, wakipiga kelele na kurusha mabonge ya udongo. Kwa hiyo msimu ule uwanja wa kijiji lazima uwe mtupu. Mtu yeyote mwenye akili angelijua hilo, na mimi mwenyewe nimeamia mpunga wa bibi yangu mpaka sauti ikakauka.

Zuhura, badala ya kungoja mavuno, aliuhamishia uwanja kwenye majaruba. Majaruba yametengwa kwa kingo za udongo, nyembamba, upana wa mguu mmoja na nusu. Aliwapanga mabinti juu ya kingo hizo, huyu hapa, yule kule, mpira unapita juu ya mpunga. Ninyi mnaojua mpira wa pete mnaelewa: ukishaudaka, huruhusiwi kutembea nao. Mguu uliotua ndio huohuo, na mpira utoe upesi. Uwanjani, mtoto akizidisha hatua, unapiga filimbi mpaka unachoka. Juu ya ukingo wa jaruba hakuna haja ya filimbi. Ukizidisha hatua, umo kwenye tope mpaka magotini.

"Daka! Tua! Toa!" Zuhura alikuwa anaita. "Haya, ndegeee!" Na hapo wote wanapiga ukelele mmoja, wingu la ndege linainuka, halafu mpira unaendelea. Ukianguka kwenye mpunga, aliyeukosa anakwenda kuutoa bila kuvunja hata shuke moja, na akivunja, mwenye shamba ni mama yake mzazi, amesimama pale pale na jembe.

Nilisimama kama nguzo. Nimeona mafunzo mengi, na wakufunzi wenye mabegi. Sijaona watoto wanaotua kwa mguu mmoja namna ile.

"Mtani," Zuhura akaniita, "njoo udake moja uandike vizuri."

Nikapanda kwenye ukingo. Binti mmoja mwembamba akanirushia, nikaudaka, na furaha ya kuudaka ikanisogeza hatua moja mbele. Moja tu. Nilipoibuka, tope lilikuwa mpaka kwenye mfuko wa shati, na bonde zima, watoto na mama zao, wakaitikia kwa pamoja: "Hatuaaa!"

Viatu vile havikupona.

Jumatatu nilikwenda kwa bosi wangu. Alikuwa mama mmoja mpole wa sauti, mkali wa kalamu. Nilikuwa nimeandaa maelezo njia nzima.

"Mama, ile timu ya Milola."

"Iliyokufa."

"Ndiyo. Haijafa."

"Imefufuka lini?"

"Haikufa, Mama. Mimi sikwenda kuiona. Nilifika uwanjani nikaambiwa wako bondeni, sikushuka."

Akaweka kalamu mezani. "Kwa nini hukushuka?"

Nilikuwa na pancha, nilikuwa na homa, nilikuwa na mvua ya ghafla, vyote vimejipanga ulimini vinasubiri zamu. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe ukasema, "Pweza."

"Nani?"

"Pweza wa nazi, Mama. Nilikuwa namuwahi."

Aliinamisha kichwa muda mrefu. Mabega yakamtikisika kidogo, na mpaka leo sijui alikuwa anacheka au anajizuia kunifukuza. Kisha akaniandikia barua ya onyo, ambayo ninayo bado, na ninamshukuru kwa hiyo kuliko vyeti vyote alivyonipa baadaye. Orodha ya mafunzo ilikuwa imeshafungwa, nafasi ya Zuhura imeshachukuliwa na mtu wa kijiji kingine. Hilo hatukuweza kulirudisha. Mwaka mzima wa yule mama niliuteketeza kwa sahani moja, na hapo sina la kutania.

"Lakini timu unaweza kuiokoa," bosi alisema. "Mstari wako tuliuandikia barua, ikasomwa mbele ya watu. Andika nyingine, na uisome wewe mwenyewe, mbele ya watu walewale."

Mkutano ulifanyika nje ya ofisi ya kijiji. Nikasimama, nikasoma: mimi fulani niliandika jambo nisiloliona, kocha yupo, timu ipo, naomba kijiji kisimnyang'anye kazi mtu kwa uvivu wa mtu mwingine.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu wa taratibu. "Kwa hiyo serikali ya kijiji ililetewa habari za uongo?"

"Ndiyo, Mwenyekiti. Na aliyezileta ni mimi."

"Na cheti? Bado hana cheti."

"Hana kwa sababu yangu. Mwaka ujao jina lake litakuwa la kwanza. Likikosekana, nije hapa mnivue shati."

Watu wakaguna. Ndipo akanyanyuka Hamisi, yule kijana mwenye cheti. Nilijiandaa kwa ugomvi. "Mzee Mwenyekiti, mimi sina noma," akasema. "Cheti changu ni cha mpira wa miguu. Huu wa pete mimi hata sheria zake zinanichanganya. Niliambiwa nafasi iko wazi, nikasema fresh. Kama mwenyewe yupo, mimi nipeni wavulana."

Mwenyekiti akatazama chini, akatazama watu, akasema Zuhura abaki na timu mpaka mafunzo yajayo, na hapo cheti kionekane. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nikaanza kukunja barua yangu niondoke.

"Ah ah, Mmatumbi unakwenda wapi?" akasema babu mmoja wa Kimwera aliyekaa mbele. "Umemzulia kifo mtani wako, halafu unakunja karatasi? Mtani atoze faini yake."

Kwetu faini ya mtani haina rufaa. Anataja anachotaka, unatoa, mnacheka. Nilijua ni kuku. Nikaanza kuchagua kichwani ni jogoo yupi nisiyempenda.

Zuhura akasimama. "Sitaki kuku, sitaki mchele. Nataka kiti."

"Kiti gani?" watu wakauliza.

"Anacho kiti barazani kwake, cha kulalia. Nimekiona kwa macho yangu. Kile kiti ndicho kilichoniulia timu. Naomba kije Milola, kiwekwe pembeni ya uwanja, kiwe mateka wetu. Sisi hatutakikalia. Akitamani kukaa, aje akikalie hukuhuku."

Wanangu, nimezika wazazi wangu, nimehama nyumba, nimeanguka kwenye tope. Lakini kukiona kiti changu kimefungwa kamba nyuma ya bodaboda, miguu juu, kinakata kona kuelekea barabara ya Milola! Mama Tatu alikisindikiza kwa vigelegele mpaka kikapotea.

Nilijaribu kukaa kwenye kigoda, mgongo ukagoma. Nikajaribu mkeka, magoti yakagoma. Siku ya tisa nikapanda gari kwenda Milola. Nilimwambia mke wangu nakwenda kikazi. Akasema, "Kisalimie."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuifanya kazi ambayo nilikuwa ninalipwa kuifanya siku zote. Nilikwenda kila wiki mbili, wakati mwingine kila wiki. Nilikikuta kimewekwa mahali pake, kimefutwa vumbi, na msimu wa kuamia nilikikuta bondeni, kimebebwa kichwani na mabinti wawili mpaka kwenye ukingo mpana. Nakaa, nafunga mdomo, natazama. Ni somo la Mwalimu Benedikti, limenifikia kwa usafiri wa bodaboda.

Na kukaa kulinifundisha kitu ambacho fomu zetu hazikukijua. Nusu saa ya kwanza kocha hawafundishi watoto, anakufundisha wewe mgeni. Anapaza sauti, anatoa zoezi lake la siku ya sikukuu. Ukiondoka hapo, umeona maonyesho. Ukikaa mpaka akakuzoea, mpaka akasahau kwamba upo, hapo ndipo unamwona akikasirika, akichoka, akimpendelea mtoto mmoja, akimfuta mwingine kamasi. Ndipo unajua umsaidie nini. Kwa hiyo nikawa nakwenda hata vijiji vingine vivyo hivyo, naomba kiti, nakaa. Kiti chochote. Mtama walinipa ndoo iliyopinduliwa.

Daftari langu la ratiba nalo nililitupa. Badala ya miezi nikaandika palizi, kuamia, mavuno ya ufuta, korosho, Ramadhani, jando. Ukipanga semina ya makocha siku ambazo korosho zinaanguka, utahutubia mabenchi. Na kocha akikwambia "tunafanya mazoezi kila siku saa kumi" mwaka mzima bila kubadilika, huyo muulize tena, anakuheshimu tu.

Vifaa navyo viliniaibisha. Tuliwahi kugawa koni za plastiki, zile za rangi ya chungwa za kupanga mazoezi. Kijiji kimoja zikapungua, zikapungua, nikaanza kumshuku kocha wa watu. Siku moja nimeingia dukani kununua soda, namwona muuzaji anajaza mafuta ya taa kwenye chupa kwa koni yangu, imekatwa ncha, inafanya kazi vizuri kuliko ilivyowahi kufanya uwanjani. Kocha mwenyewe alikuwa ameshahamia kwenye vifuu vya nazi, na watoto wake walikuwa wanavizunguka bila tatizo lolote. Sikudai koni. Niliuliza tu kama dukani wanayo nyingine kubwa ya kujazia debe.

Ninyi mna simu, na kundi la makocha humo ndani, kila mtu anatuma picha ya mazoezi. Mambo mazuri, sikatai. Lakini kocha mmoja alinitumia picha wiki tatu mfululizo, watoto wanakimbia, nyuma yao mbuzi amenyanyua mguu. Wiki ya tatu nikamwandikia: "Hongera kwa mazoezi. Mpe pole mbuzi, mguu lazima umechoka." Akanipigia akicheka, na baadaye akaniambia ukweli: alikuwa ameuguliwa na mama yake, hakutaka tumkate. Tungempata wapi huyo mtu kama ningemwandikia barua ya ukali? Tulimtafutia mwenzake wa kumshikia timu mpaka mama yake akapona. Picha ni kama ule uwanja mtupu wa Milola. Inakuonyesha kitu, lakini bonde liko chini zaidi.

Mwaka uliofuata Zuhura alikwenda mafunzoni, jina la kwanza. Alirudi na cheti, akampelekea Mwenyekiti akishike kwa mikono yake miwili. Mkufunzi aliniambia kwamba alipowataka washiriki waonyeshe zoezi la kutua, yule mama alichukua chaki akachora sakafuni ukingo wa jaruba, upana wa mguu mmoja na nusu, akawapandisha watu wazima. Mpaka leo wanaliita zoezi la Milola. Tope tu ndilo lililokosekana. Baada ya hapo nilikuwa nikipata kocha mpya anayeyumba simpeleki semina. Nampeleka kwa Zuhura akakae siku tatu. Hamisi alikuwa wa kwanza kwenda, na wavulana wake mnawajua.

Nilipostaafu sikufanyiwa sherehe kubwa, na nilishukuru, maana ningelazimika kusimama. Lakini wiki ile ile, asubuhi, bodaboda ikasimama mlangoni kwangu. Hamisi huyo, na nyuma yake kiti changu, miguu juu kama kilivyoondoka.

Turubai la kijani lilikuwa limekwisha zamani. Mahali pake wameshona jezi za zamani za timu, zimeunganishwa zikawa kitambaa kimoja, kwa hiyo nikikaa, namba saba inanikaa mgongoni. Mguu mmoja umebadilishwa, si mninga tena, sikuuliza ni mti gani. Kwenye simu ya Hamisi kulikuwa na sauti ya Zuhura: "Mtani, mateka wako huyo, tumemwachia. Ametutumikia vizuri. Lakini tukisikia umelala sana tutamfuata tena, na safari hii tutakubeba nawe ndani yake."

Nikaketi. Kilikuwa kinanikumbuka. Machozi yakataka kunitoka, nikasingizia vumbi. Nikamkaribisha Hamisi chai na mkate wa kumimina, na chai ilipoingia, ulimi ukalegea. Nikaanza kumhesabia makocha waliopita mikononi mwangu, huyu wa Mtama nilimlea mimi, yule wa Kilwa nilimsimamisha mimi, na Zuhura mwenyewe, si ni mimi? Hamisi anaitikia tu, "Kweli, mzee. Kweli."

Mama Tatu alikuwa anapita na ndoo yake. Akasimama, akaitua, akajifuta mikono kwenye kanga, akakitazama kiti, halafu akanitazama mimi.

"Baba Shani, usimdanganye mtoto wa watu. Kazi ilifanywa na hicho kiti. Wewe ulikuwa unakifuata ukakae."